Fanani Aliyefifia na Jukwaa Lake: Birdman Machoni pa Mtazamaji wa Bumbire

Filamu ya Birdman (2014), iliyoongozwa na Alejandro González Iñárritu, inasimulia habari za Riggan Thomson, mwigizaji aliyewahi kuvuma kwa kuigiza shujaa mwenye mabawa, kisha nyota yake ikafifia. Ili kurudisha heshima yake, Riggan anatunga tamthilia kutokana na hadithi fupi ya Raymond Carver na kuiweka jukwaani Broadway, New York. Mwaka 2015 filamu hiyo ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. Dhamira yake imejengwa juu ya mgongano mmoja: filamu huleta umaarufu wa rahisi, ilhali jukwaa ndiko iliko sanaa ya kweli. Mhakiki wa gazeti, mmoja wa wahusika, anamwambia Riggan waziwazi kwamba yeye si mwigizaji bali ni mtu maarufu tu.

Kwa maoni yetu, mgongano huo ni wa Broadway. Haufai kufundishwa kama kanuni ya sanaa za maonyesho za mahali pote.

Tuichukue filamu hiyo hadi Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika Wilaya ya Muleba. Tuseme inaonyeshwa katika kibanda cha video karibu na mwalo, siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawana kazi kubwa ziwani. Kiingereza cha Riggan hakiwafikii wengi. Hapo ndipo anapohitajika msimulizi wa filamu, ambaye watazamaji humwita DJ. Huyu hushika kipaza sauti, hupunguza sauti ya filamu, akawasemea wahusika wote kwa Kiswahili. Huwabatiza majina, huwakejeli, huongeza methali, na hadhira humjibu papo kwa papo. Filamu imegeuka malighafi. Onyesho lenyewe ni la msimulizi. Je, hilo si jukwaa?

Wapo watakaosema kwamba msimulizi hupotosha maana ya filamu. Ni kweli, na akipimwa kama mfasiri huenda asifaulu. Lakini kipimo hicho sicho. Mkoa wa Kagera una mafanani wa enanga, kama marehemu Habibu Selemani, ambao kwa zeze na sauti moja tu walibeba mashujaa, wafalme na wanawake wa utendi mzima. M.M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1983, aliwajadili kama wasanii wa tendi, akazingatia utendaji wao mbele ya hadhira. Hatudai kwamba sanaa hizi mbili ni moja: fanani wa enanga humiliki kisa chake, ilhali msimulizi wa filamu hufuata picha za wengine. Tunachodai ni kwamba zote mbili hustahili kupimwa kwa utendaji.

Kwa mtazamo huu, Riggan wetu si nyota wa filamu anayetamani jukwaa. Ni msimulizi mwenyewe. Derek Mukandala, mashuhuri kwa jina la Lufufu, aliijulisha sanaa hii nchini kwa kanda na diski zilizorekodiwa. Lakini diski humhifadhi msimulizi bila kuihifadhi hadhira inayomjibu. Leo kijana hutazama filamu katika simu yake, peke yake, vipokea sauti masikioni. Kila kibanda kinapofungwa, msimulizi mmoja hunyamaza.

Tofauti kati yake na Riggan ni chungu. Riggan amefifia, lakini jumba la Broadway lipo, tiketi zinauzwa, na hata mhakiki anayemchukia anamhesabu kuwa mtu wa kuandikiwa. Msimulizi wa kisiwani akitaka kurejea, arejee wapi? Na nani atakayejua kwamba aliwahi kuwapo?

Hapa lawama inaziangukia pia idara zetu za Kiswahili. Tumezoea kuitafuta fasihi simulizi kwa wazee wa vijijini, tukaipita ilipokuwa ikiendelea kwenye vibanda. Hapana budi wanafunzi wa uzamili wapelekwe mialoni na vinasa sauti, warekodi msimulizi pamoja na vicheko, maswali na majibu ya watazamaji wake. Enanga iliwahiwa na watafiti wakati mafanani wake wakiwa hai. Wasimulizi wa filamu nao bado wapo, lakini hawatatusubiri.