Tatizo ni Chumba, si Waya

Nina ugomvi na sitauficha. Sisi vijana sita tunaoandika hadithi hapa Tunduma hukutana kila Jumapili katika chumba cha kupanga cha mwenzetu, na kusomeana kazi zetu kwa maikrofoni na sabufa. Majuzi mshikaji mmoja alichukua shilingi 40,000 za mfuko wetu, pesa ya kuchapia miswada, akavuka mpaka hadi Nakonde, akarudi na waya wa spika mnene wenye ncha za rangi ya dhahabu. Eti sauti itatakata!

Haikutakata. Nilisoma sura ya kwanza ya riwaya yangu, kazi ya miezi minane, na dada mmoja aliyekaa karibu na mlango akaniuliza kama yule mama wa hadithi amekopa au amekosa. Sasa mshikaji anataka tuchange tena, tununue waya wa spika ya pili. Ndipo niliposhika kalamu.

Hebu tukitazame hicho chumba. Futi kumi kwa kumi, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, juu mabati bila dari. Piga kofi katikati, utasikia linakujibu. Neno likitoka kwenye spika linagonga ukuta huu, linarudi, linagonga ule, na kabla halijafa neno la pili limeshaingia. Konsonanti zote zinamezwa. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilining'inia hewani zaidi ya sekunde tano. Yeye hakununua cha kumetameta. Alibeba usiku mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga mle ndani, akapima. Mwangwi ukapungua.

Besi nayo ina kisa chake. Chumba cha pande sawa za futi kumi hukuza noti ya karibu mitetemo 56 kwa sekunde, na sabufa ikisukumiwa kwenye kona, kama tulivyofanya sisi wataalamu, noti hiyo inanguruma kama lori linalongoja foleni ya mpakani.

Waya je? Mita tatu za waya wa kawaida wa umeme, wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, ukinzani wake haufiki sehemu moja ya kumi ya omu. Spika ni omu 8. Hiyo ni chini ya asilimia moja! (Fizikia kidato cha nne nilipata D, lakini kugawanya najua.) Waya uliokatika ukafungwa kwa selotepu, sawa, ubadilishwe. Wetu ulikuwa mzima.

Jumatano niliomba ufunguo. Nikaitoa sabufa kwenye kona, nikatundika mablanketi mawili mazito ukuta wa nyuma, godoro nikaliegemeza mkabala na spika, chini nikatandika mkeka. Nikarudisha waya wa zamani. Nikamwita dada yule yule, nikamsomea ukurasa ule ule. Hakuuliza neno hata moja. Alifuta machozi kidogo, halafu akasema sura ni ndefu mno.

Mshikaji anadai mablanketi yanatuaibisha mbele ya wageni. Haya. Na mvua ikinyesha juu ya mabati yale, tutanyamaza sote, mimi na waya wake. Lakini mchango wa pili sitoi, na ile 40,000 naitaka irudi mfukoni kabla ya Jumapili, maana mswada wangu bado uko kwenye daftari.