Ndege zikiungana, rubani wa mwisho kwa orodha ndiye hushuka

Kila shirika la ndege likitangaza kuungana na lingine, wakubwa wao husema neno moja: ukuaji. Watashikana mikono mbele ya kamera, waseme safari zitaongezeka, abiria atafaidika, kazi zitakuja. Wewe unayechanga pesa za shule ya urubani pale Wilson, ama mzazi wako anafikiria kuuza shamba ili ukasome, usimeze hiyo stori bila maji.

Chukua sacco mbili za matatu zinazopigania abiria kwa ruti moja. Kila moja inatoka steji nusu ya viti vikiwa wazi, juu hakuna anayetaka kumwachia mwenzake abiria. Siku zikiungana, unadhani magari yote yataendelea kutoka? Yataegeshwa mengine, yanayobaki yajae, na nauli haitashuka. Hesabu ya sacco itapendeza sana. Dereva wa gari lililoegeshwa ndiye utamuuliza vizuri kama kuna ukuaji.

Sasa tuende Marekani, maana huko ndiko jambo hili limefanyika mbele ya macho ya watu wote. America West na US Airways ziliungana 2005, Delta na Northwest 2008, United na Continental 2010, Southwest na AirTran 2011, kisha American na US Airways 2013. Leo mashirika manne yanabeba kama asilimia 80 ya abiria wa ndani ya nchi hiyo. Kampuni zilikua kweli, siwezi kataa. Lakini Memphis, iliyokuwa kitovu cha Northwest, Delta iliifuta kama kitovu mwaka wa 2013. Cleveland, kitovu cha Continental, United ikatangaza kuifunga 2014.

Ile inanichekesha na kuniuma pamoja ni ya St. Louis. American ilinunua TWA mwaka wa 2001, na kufikia mwisho wa 2003 ilikuwa imekata karibu nusu ya safari zake hapo. Mji nao ulikuwa unajenga barabara mpya ya ndege. Ilifunguliwa 2006 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja, wakati ndege zilizojengewa zilikuwa zishaenda.

Si eti muungano peke yake ndio ulikata viti. Kulikuwa na mashambulizi ya Septemba 2001, bei ya mafuta 2008, na uchumi kuanguka. Hata hivyo, mkiwa wachache sokoni ni rahisi kupunguza viti bila kuogopa kwamba jirani atajaza pengo. Mkiwa wengi, ukiondoa ndege moja kuna mtu atairudisha na jina lake ubavuni.

Turudi kwa marubani, na hapa usome polepole. Kwa mashirika makubwa kule, maisha ya rubani ni namba. Siku unaajiriwa unapewa nafasi kwa orodha, na hiyo nafasi ndiyo inaamua utaendesha ndege gani, utalala nyumbani Krismasi ama hutalala, utakuwa kapteni lini, na wakipunguza watu nani anatangulia kuenda. Huwezi kuihamisha. Ukiacha kazi ukaenda kwingine, hata uwe na masaa elfu kumi angani, unaanza chini kabisa.

Kwa hivyo mashirika mawili yakiungana, orodha mbili lazima ziwe moja. Nani anakuwa mbele ya nani? Marubani wengi wa TWA waliwekwa tu mkiani mwa orodha ya American, na kazi zilipopungua baada ya 2001 hao ndio walianza kutumwa nyumbani bila mshahara. Kule US Airways mambo yakawa moto zaidi. Msuluhishi alitoa orodha 2007, na marubani waliokuwa wamesimamishwa kazi wakiwa na zaidi ya miaka 15 kazini wakajikuta nyuma ya vijana wa America West walioajiriwa juzi. Walikataa. Wakafukuza hadi chama chao cha wafanyakazi. Wale wa mashariki na wale wa magharibi wakaendelea kuruka kama kampuni mbili chini ya jina moja, na orodha ya pamoja ilipatikana 2016, pamoja na ya American. Miaka 11, jameni!

Kilio cha TWA kilizaa sheria mwishoni mwa 2007: orodha lazima zichanganywe kwa njia ya haki. Na wapo walioifanya vizuri. Marubani wa Delta na Northwest walikubaliana mkataba mmoja kabla muungano haujakamilika Oktoba 2008, na wasuluhishi wakatoa orodha Desemba hiyo hiyo. Walikaa mezani wakati wakubwa bado wanawahitaji, na kwangu hiyo ndiyo tofauti yote.

Kuna atakayesema basi miungano ipigwe marufuku. Pole pole. JetBlue ilitaka kununua Spirit kwa dola bilioni 3.8, jaji akazuia Januari 2024 kwa sababu abiria wa nauli ya chini wangeumia. Nakubaliana naye. Lakini Spirit ilikimbilia mahakamani ikiwa na madeni Novemba mwaka huo, na marubani wake mamia wakasimamishwa kazi. Kumbe kubaki peke yako nako si kinga.

Kwetu, Kenya Airways na South African Airways zilitia saini makubaliano ya ushirikiano mwaka wa 2021, ndoto yao ikiwa ni kundi moja la ndege la Afrika. Likifufuka hilo wazo, ama lije lingine, utaona picha nyingi za bendera na ramani yenye mistari mizuri. Mimi nitatafuta vitu viwili tu. Ruti ambazo wote wawili wanaruka sasa, kwa sababu hapo ndipo viti vitakatwa. Halafu kama marubani wamepewa mkataba wa orodha kabla ya saini ya mwisho. Kama hakuna, na wewe ndio umeajiriwa mwaka jana na mkopo wa shule bado unakudai, piga simu kwa chama chako siku hiyo hiyo.