Kiboko, Ngege na Risasi

Askari mwenye zamu kwenye mwambao wa Ziwa Edward hulinda pia kitoweo cha raia. Usiku kiboko hula nyasi nchi kavu. Mchana hushinda majini na kuacha humo samadi. Jua huipa mimea midogo ya maji nguvu, samadi huirutubisha. Ngege huila, nasi twamla ngege. Upande wa Kongo, katika miaka ya 1970 walikuwako viboko wapatao 29,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000, wengi wakiwa wameuawa kwa risasi. Wavuvi wakalalamika kwamba samaki wamepungua. Twajua mshahara huweza kuchelewa. Hata hivyo, risasi za serikali hazikutolewa kwa kazi hiyo, na polisi aachiaye lori la nyama kizuizini ni mshiriki.