Tupeni Siku Tatu: Barua ya Wazi kwa Cricket Kenya

Kwa Mwenyekiti na Wanabodi wa Cricket Kenya,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Jumatatu ya tarehe 24 Februari 2003 nilikuwa na watoto wengi darasani kuliko madawati. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza mwezi mmoja tu uliotangulia, na katika shule niliyofundisha hapa Nakuru wengine walikaa sakafuni, migongo yao ikiegemea ukuta. Alasiri ile mlinzi wa lango alikuja dirishani, redio yake ndogo ikiwa sikioni, akaninong'oneza: "Mwalimu, Sri Lanka wanaanguka." Niliiacha hesabu ubaoni. Katika Kombe la Dunia la kriketi, Kenya ilikuwa imepata mikimbio 210, na kule Gymkhana, Nairobi, kijana wa miaka 21, Collins Obuya, alikuwa akiwapindishia mpira wapigaji waliowahi kuwa mabingwa wa dunia. Akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka wakatoka wote kwa 157.

Ndani ya wiki mbili uwanja wetu wa vumbi ulikuwa umebadilika. Watoto walikuwa wakiokota vipande vya mbao kwa fundi seremala na kuvichonga vishikio. Kreti ya soda ikawa wiketi. Ule mpira wa karatasi na juala, ambao miaka yote ulikuwa wa kupigwa teke, ukawa mpira wa kurushwa kwa mkono ulionyooka. Kulikuwa na mvulana mmoja mwembamba, mtoto wa mtaa wa Section 58 kama mimi, aliyejifundisha kuuzungusha kwa vidole hadi ukigusa ardhi unaingia ndani kama nyoka anayerudi shimoni. Hakuna aliyemfundisha. Aliona mara moja kwenye televisheni ya hoteli ya jirani, akaenda kujaribu.

Nawaandikia kwa sababu ya mvulana yule, ingawa kwake tumeshachelewa.

Tarehe 20 Machi mwaka ule tulijazana katika hoteli hiyohiyo kutazama nusu fainali ya Kombe la Dunia kutoka Durban. Ilikuwa siku ileile vita vya Iraki vilipoanza, na mwenye hoteli alikuwa akihamisha chaneli kati ya makombora na kriketi mpaka wateja wakamkemea. India walitushinda kwa mikimbio 91. Steve Tikolo, nahodha wetu, alipata 56, na kila alipopiga mpira mpaka ukingoni watu waliokuwa hawajui sheria hata moja ya mchezo huu walisimama. Nchi isiyo na hadhi ya testi, daraja la juu kabisa la mchezo huu, ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hakuna nyingine iliyowahi kufika hapo kabla yetu, wala hakuna iliyofika tangu wakati huo.

Najua yapo ya kupunguza sifa. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini Bangladesh tuliwapiga Johannesburg, Zimbabwe tukawapiga Bloemfontein, na wote wawili walikuwa wanachama wa testi. Wala haikuwa bahati ya mwaka mmoja. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, timu ya Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies ya Brian Lara kwa 93. Mwaka 1998 tuliwashinda India kwao, Gwalior. Tulikuwa tunabisha mlango wa testi, na tuliomba rasmi kufunguliwa.

Haukufunguliwa kwetu. Ulifunguliwa kwa Bangladesh, waliocheza testi yao ya kwanza Dhaka mwezi Novemba 2000, miaka mitatu baada ya kutushinda kwa mpira wa mwisho kabisa katika fainali ya ICC Trophy, kombe la Baraza la Kimataifa la Kriketi, mjini Kuala Lumpur, siku ambayo Tikolo alipiga 147 na bado hazikutosha. Mwaka 2017 ukafunguliwa tena, kwa Ireland na Afghanistan. Afghanistan hao tulikutana nao Sharjah Oktoba 2013. Walitushinda wakaenda Kombe la Dunia la 2015. Miezi michache baadaye, Januari 2014, sisi tukapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja tuliyokuwa nayo tangu 1996.

Waheshimiwa, siwaandikii kuomba hadhi ya testi. Mzee anayeomba mvua Januari huku Nakuru hajui majira. Naomba kitu kidogo zaidi, ambacho naamini ndicho tulichokosa tangu mwanzo: siku. Tulikuwa na vipaji, tukawa na mashabiki kwa msimu mmoja, hata fedha zilipita mikononi kabla ya migomo ya wachezaji na ugomvi wa viongozi kuzitawanya na chama cha zamani kuvunjwa mwaka 2005. Lakini hatukuwahi kuwapa vijana wetu siku za kutosha uwanjani.

Kwa msomaji ambaye barua hii itamfikia naye hajui, mechi ya testi huchezwa kwa siku tano. Kila timu hupiga mara mbili, ova 90 kwa siku, kuna mapumziko ya chakula na ya chai, na baada ya yote hayo inawezekana kabisa asipatikane mshindi. Ya kwanza ilichezwa Melbourne mwaka 1877. Leo ni nchi 12 pekee zinazoruhusiwa kuicheza, na Afrika nzima ni mbili, Afrika Kusini na Zimbabwe.

Nasikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wa mchezo huu, kwamba Mkenya hana subira ya kutazama kitu kwa siku tano. Mtu wa kaunti yetu hawezi kukubali neno hilo. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuweka makao yake Naivasha, nimeona vijana wa mtaa wangu wakibeba mahema na masufuria kwenda Soysambu na Hell's Gate, wakalala huko Alhamisi mpaka Jumapili, wakala vumbi, wakanyeshewa, ili waone gari likipita kwa sekunde sita. Hili ni Bonde la Ufa, watu wanaotazama mbio za kilomita 42 tangu risasi ya kwanza na kubishana juu ya nani aliongeza mwendo kilomita ya 30. Wanaocheza drafti kwa vizibo nyuma ya maduka ya mtaani wanaweza kukaa juu ya mchezo mmoja mpaka chai ipoe. Subira ipo. Kitu cha kuisubiri ndicho hakijaletwa.

Na siyo kwamba dunia yenyewe imeichoka testi. Desemba 2024, Australia walipocheza na India pale Melbourne, watu zaidi ya 370,000 waliingia uwanjani kwa siku tano. Tatizo la testi ni kwamba imeshiba katika nyumba tatu na ina njaa kwingine kote. India, Uingereza na Australia huchezeana mechi nyingi, mapato ya televisheni huwaendea wao, na sehemu kubwa ya fedha za ICC inaishia India. Waliobaki hulipa wachezaji wao kwa shida, huku ligi za ova 20 zikiwaita kwa mikoba mizito tangu ile ya India ilipoanza mwaka 2008. Februari 2024 Afrika Kusini ilituma New Zealand kikosi kilichoongozwa na Neil Brand, mtu ambaye hakuwa amecheza testi hata moja, kwa kuwa wachezaji wake wakubwa walikuwa wamefungwa na ligi ya nyumbani.

Lakini tazameni kilichofuata. Juni 2025, mwaka mmoja na miezi tu baadaye, Afrika Kusini hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa dunia wa testi pale Lord's dhidi ya Australia. Walihitaji mikimbio 282. Aiden Markram akapata 136, na nahodha wake, Temba Bavuma, mtoto wa mtaa wa Langa, Cape Town, akapiga 66 akichechemea kwa msuli wa paja uliojeruhiwa. Niliitazama siku zote nne. Mwezi Januari 2024 alikuwa Shamar Joseph, kutoka kijiji cha Baracara huko Guyana ambacho hufikiwa kwa mashua, mlinzi wa zamani, aliyerusha pale Brisbane na kidole cha mguu kilichopondwa akachukua wiketi 7 kwa 68. West Indies wakashinda kwa mikimbio 8, testi yao ya kwanza kushinda nchini Australia tangu 1997. Mchezo unaoweza kumleta mtu wa aina hiyo mbele ya ulimwengu haujafa. Unahitaji watu wengi zaidi wa kuucheza, na sisi ni sehemu ya watu hao.

Sisi pia tulikuwa na mtu wa aina hiyo. Asif Karim wa Mombasa alikuwa amestaafu tangu 1999 alipoitwa kwa Kombe la Dunia la 2003, akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, dhidi ya Australia ile iliyokuwa haishindiki, alirusha ova 8.2. Sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Akachukua wiketi 3 kwa mikimbio 7, Ricky Ponting akiwa mmojawapo. Tulishindwa mechi ile, lakini nimeifikiria ile saa kuliko ushindi wetu mwingi. Hakufanya ajabu yoyote: aliuweka mpira mahali pamoja, tena na tena, mpaka bingwa wa dunia akachoka yeye kwanza. Huo ndio moyo wa testi, na aliuonyesha mtu ambaye nchi yake haikuwahi kucheza testi.

Subira ya aina hiyo haijengwi kwa ova 20. Mwaka 2011 pale Chennai, New Zealand walitutoa kwa mikimbio 69. Tulishindwa mechi zote sita za Kombe la Dunia lile. Niliwatazama vijana wakikimbilia mipira waliyopaswa kuiacha ipite, kwa sababu hawakuwahi kucheza mchezo ambao kuacha ni nusu ya kazi. Kwa muda tulikuwa na Kombe la Mabara la ICC, lililoanza 2004, mechi za siku tatu na baadaye nne kwa nchi zisizo za testi. Tulifika hata fainali yake. Lilifungwa baada ya 2017, na tangu hapo kijana wa Kenya anaweza kuanza na kustaafu bila kulala usiku mmoja akijua kwamba kesho asubuhi atarudi kuendelea kupiga pale alipoachia.

Najua jibu lenu: Olimpiki ya Los Angeles 2028 ina kriketi ya ova 20, fedha ziko huko. Na Uganda wametuonyesha njia, wakatupita Windhoek Novemba 2023 na kwenda Kombe la Dunia la ova 20, wakaishinda Papua New Guinea. Nawapongeza majirani kwa moyo wote. Fuateni ova 20, lakini msizifanye kuwa chakula pekee.

Haya ndiyo ninayoomba kwa Nakuru. Uwanja wa kriketi tunao, ule wa Rift Valley Sports Club katikati ya jiji, umekuwepo tangu enzi za wakoloni. Shule za gharama za Gilgil na Turi zimecheza mchezo huu miaka mingi kwenye nyasi zilizonyweshwa. Kati ya hapo na shule za umma za Section 58, Lanet na Kivumbini kuna ua mmoja tu, nao una lango. Zungumzeni na wenye viwanja. Ombeni siku tatu mfululizo katika likizo ya Desemba, mvua zikiwa zimepungua na ardhi imekauka vya kutosha mpira kupinda. Timu mbili za vijana chini ya miaka 17, kila moja ipige mara mbili. Wasioisha jioni warudi asubuhi. Mwaka wa pili ziwe timu nne.

Fundisheni pia mtu wa kutunza ardhi ya kuchezea katikati ya uwanja. Hili halisemwi kwenye mikutano yenu, nahofia, lakini ndilo nililoliona kwa macho: vijana wakicheza kwenye saruji iliyotandikwa mkeka hujifunza mpira unaoruka sawasawa siku zote. Udongo ulioshindiliwa kwa rola hubadilika. Siku ya tatu huwa na nyufa, na ni pale mrushaji wa kupindisha huanza kazi yake. Mji wetu una sifa ya vumbi na nyufa. Hatukosi mali ghafi.

Na mnapokaa na ICC, daini kombe la siku nyingi kwa nchi zilizo nje ya zile 12. Daini pamoja na Uganda, Namibia na Tanzania, sauti ikiwa moja.

Mvulana yule wa 2003 ana bodaboda sasa, huegesha barabara ya kuelekea Free Area. Mwaka jana nilimpita akiwa na mwanawe wa miaka tisa, anamfundisha kushika kipande cha ubao kwa mikono miwili, kiwiko cha kushoto kikiwa juu, vilevile kama walivyoshika watoto wa darasa langu. Nilimuuliza kama bado anakumbuka kupindisha. Hakunijibu, aliokota kokoto, akaizungusha vidoleni, akairusha. Iliingia ndani.

Mtoto atatimiza miaka kumi Desemba hii. Nitafurahi kupata jibu lenu kabla ya hapo.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu mstaafu,
Section 58, Nakuru.