Hata Nyumba Ni Muzigo

Hapa Kampala chumba kimoja cha kupanga kinaitwa muzigo. Siku tulipofika kutoka Kivu, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, mama alicheka sana: "Hata nyumba yao ni muzigo!" Siku hizi hacheki. Mlango mmoja, dirisha moja, bati juu, na sisi sita ndani. Mchana bati linatukaanga, na usiku mvua ikinyesha hatusikilizani.

Naandika hii kwa sababu ya mkutano wa mwezi uliopita ambao bado unanichoma. Vijana wakimbizi tuliitwa kuzungumza mabadiliko ya tabianchi. Tukapewa fulana, soda, na mche mmoja mmoja. Mgeni wa heshima akasema tukaipande nyumbani. Nyumbani wapi? Mlango wetu unafungukia mlango wa jirani! Nilimuuliza hivyo hivyo, watu wakacheka, naye akajibu kwamba swali langu ni la makazi, si la tabianchi.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Kampala ni mji wa vilima, na kila mtu anajua: mwenye pesa yuko juu, asiye nazo yuko bondeni. Bondeni ni rahisi kwa sababu maji yanakuja. Ukipata chumba Bwaise au Katwe karibu na mfereji, bei ikiwa chini kidogo, jua kwamba umepunguziwa kwa ajili ya mafuriko. Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliporomoka likafukia nyumba na watu waliokuwa ndani. Nani anachagua kulala chini ya mlima wa takataka? Mfuko wake ndio uliomchagulia. Kwa hiyo ukiniambia kodi ni jambo moja na mvua ni jambo lingine, wewe hujawahi kupandisha godoro juu ya meza saa nane ya usiku.

Juni 2024 nyumba zilizokuwa ndani ya kinamasi cha Lubigi zilibomolewa ili kinamasi kirudi. Mimi sikatai kinamasi. Ndicho kinachonyonya maji ya mji. Ukikijaza udongo, maji yatatafuta kitanda cha mtu mwingine. Lakini mpangaji hakujaza kitu. Yeye alimlipa kodi aliyejaza. Akishatolewa na masufuria yake anaenda wapi? Kwenye bonde lingine, maana ni huko tu kodi yake inafika. Hapo kinamasi kimeokolewa au kimebadilishiwa watu? Kabla ya kubomoa, wahesabuni na wapangaji, si wenye kuta peke yao, na muwaonyeshe penye chumba pakavu wanapoweza kulipa.

Sasa nigeukie wa kwetu, na wazee wangu msinikasirikie. Kila nikileta habari ya nyumba kwenye kikao naambiwa, "Mwanangu, sisi ni wapita njia, tunangoja ndege." Nimeliheshimu neno hilo miaka mingi. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Najua familia moja iliyokuwa imeshauza kitanda na jiko. Ililala chini wiki nne, ikaanza kununua upya. Mtu anaweza kungoja ndege miaka kumi na mitano, na miaka yote hiyo analipa kodi kila mwezi. Huyo ni mpita njia wa namna gani?

Mwaka jana mwenye nyumba wetu alipaka saruji barazani, akapandisha kodi kutoka shilingi 150,000 hadi 200,000. Mama alitaka kulipa bila neno. Mimi nilikuwa nimesikia kwenye mafunzo kwamba sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, yaani ifike 165,000. Tukaenda wapangaji watano, Waganda watatu na Wakongo wawili. Jajja mmoja wa Kiganda alitutangulia, akapiga magoti kama desturi yao, ndipo tukaongea. Ikaishia 170,000. Ile elfu tano bado inaniuma, lakini hakuna aliyetuuliza sisi ni raia wa wapi.

Na jambo la matofali. Tofali la kuchoma linakula miti, kila mtu ameona matanuru yanavyofuka moshi. Vijana wanne wa kikundi changu walijifunza kufyatua matofali ya udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono. Hayachomwi. Unayakandamiza, unayaweka kivulini, unayamwagia maji wiki kadhaa, na kwa kuwa yanashikana yenyewe ukuta hauhitaji saruji nyingi ya kuunganishia. Kazi nzuri kabisa. Vyeti walipewa, picha zikapigwa, mashine ikarudi stoo. Hawajajenga hata choo. Mnasema mnataka kijani, na mikono mnayo, na udongo uko. Itoeni hiyo mashine. Tafuteni ardhi kavu, hata ndogo, karibu na soko watu wanapofanya kazi, tujenge vyumba vya kupanga ambavyo mama muuza vitenge anaweza kuvilipia.

Mche wangu niliupanda kwenye ndoo iliyopasuka. Umeshika, lakini jirani analalamika unaziba njia, na ana haki.

Jumamosi saa tisa tunakutana kwenye baraza ile ile ya saruji. Waganda watakuwepo. Njoo na risiti zako za kodi, hata zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya daftari.