Maswali ya Biblia Yajibiwe Darasani

Mwalimu mmoja wa Elimu ya Dini ya Kikristo, ambaye nilimfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, alinijia hivi majuzi akiwa na ombi nisilolitarajia. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu alikuwa amehudhuria mhadhara wa dini uwanjani, akarejea darasani na karatasi iliyojaa aya za Biblia zilizopangwa mbili mbili. Aya ya kwanza ilisema hivi, ya pili ikasema vingine. Mwalimu aliitupia jicho ile karatasi, kisha akamwamuru kijana aketi na aache maswali ya kishetani. "Nilipotoka darasani niliona haya," akaniambia, "kwa sababu ukweli ni kwamba sikuwa na jibu."

Mihadhara ya aina hiyo si jambo geni katika Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu wamekuwa wakisimama mbele ya umati wakiwa na Biblia mkononi, wengi wao wakifuata mtindo uliosambazwa na marehemu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini. Wahubiri wa Kikristo nao wamejibu mapigo. Sina nia ya kuamua nani alimshinda nani. Ninalotaka kusema ni kwamba orodha ile haikuzuliwa na wahubiri wa uwanjani. Wakristo wenyewe waliitambua mapema mno. Katika karne ya pili, Tatiano alizichukua Injili nne akazisuka kuwa simulizi moja. Mnamo mwaka 400 hivi, Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima kuhusu upatanifu wa waandishi wa Injili. Ikiwa swali la kijana yule ni la kishetani, basi itabidi tumweleze Agostino naye aketi.

Hebu tuanze na mfano uliokuwa wa kwanza kwenye karatasi ile, nao unahusu kuongoka kwa Sauli katika njia ya Dameski. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, wasafiri waliokuwa pamoja naye waliisikia sauti lakini hawakumwona mtu. Katika sura ya 22, Paulo mwenyewe anaposimulia kisa kile kile, wenzake waliiona nuru lakini sauti ya aliyesema naye hawakuisikia. Je, walisikia au hawakusikia?

Jibu linalotolewa mara nyingi na walimu wa theolojia hutegemea sarufi ya Kiyunani. Katika lugha hiyo mwisho wa nomino hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Katika sura ya 9, neno "sauti" liko katika umbo la umilikaji. Katika sura ya 22 liko katika umbo la shamirisho. Hivyo, wanasema, umbo la kwanza ni kusikia mlio tu, na la pili ni kusikia na kuelewa maneno. Wenzake Paulo walisikia mlio, ila hawakuelewa kilichosemwa.

Mimi niliyeshinda miaka mingi katika sarufi ningefurahi sana kama jambo hili lingemalizika hivyo. Bahati mbaya halimaliziki. Tutazame Luka anavyomzungumzia Paulo mwenyewe, ambaye bila shaka alisikia na kuelewa. Katika sura ya 9 aya ya 4, Paulo anasikia sauti kwa umbo la shamirisho; katika sura ya 22 aya ya 7, anasikia sauti ile ile kwa umbo la umilikaji. Kanuni hiyo basi haisimami hata ndani ya visa hivyo hivyo viwili inavyokusudiwa kuvipatanisha. Wanaoishikilia aghalabu huwa wameipokea kutoka kwa waliowatangulia, bila kuteremka aya chache kuihakikisha.

Hata hivyo kanuni ikianguka, si lazima maelezo yote yaanguke pamoja nayo. Kitenzi chenyewe cha Kiyunani kina maana zaidi ya moja: kusikia kwa masikio, kufahamu, na hata kutii. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Athens kulielewa hilo. Tunaposema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hatumzungumzii mtu kiziwi. Mgikuyu hutumia kitenzi kimoja, kũigua, kwa kusikia na kuelewa. Mjaluo akikuuliza kama unasikia Dholuo, anataka kujua kama unaifahamu lugha hiyo. Katika Injili ya Yohana sura ya 12 kuna sauti inayotoka mbinguni, na baadhi ya watu waliosimama pale wanadhani ni ngurumo. Kusikia bila kusikia, kwa hiyo, si jambo linalokiuka desturi ya lugha.

Lakini lenye uzito zaidi katika mfano huu, nionavyo mimi, ni jambo ambalo karatasi ya kijana haikulitaja. Kisa hiki kinasimuliwa mara tatu. Katika sura ya 26, Paulo anapojitetea mbele ya Mfalme Agripa, wote wanaanguka chini, ilhali katika sura ya 9 wenzake walisimama wameduwaa. Fauka ya hayo, Anania, mwanafunzi wa Dameski ambaye katika sura ya 9 na ya 22 ndiye anayemwendea Paulo akiwa kipofu, katika sura ya 26 hatajwi kabisa. Agizo la kwenda kwa mataifa linatoka moja kwa moja katika kinywa cha Yesu, hapo hapo njiani. Na masimulizi yote matatu yameandikwa na mwandishi mmoja katika kitabu kimoja.

Hatuwezi kusema kwamba Luka alisahau alichoandika kurasa chache nyuma. Mbele ya Wayahudi wa Yerusalemu, Paulo anamtaja Anania kama mtu mcha Mungu aliyeishika sheria, kwa kuwa hilo ndilo wasikilizaji wale walihitaji kulijua. Mbele ya Agripa, uchaji wa Anania haukuwa na kazi. Luka aliandika kama walivyoandika wanahistoria wa enzi zake, ambao waliitengeneza hotuba ilingane na hadhira. Kwake yeye tofauti zile hazikuwa kosa. Anayeziita uongo anamhukumu kwa sheria ya ripoti ya polisi. Na Mkristo anayehangaika kuzifuta anatumia sheria hiyo hiyo pasipo kujua.

Kifo cha Yuda Iskariote ni kigumu zaidi. Kwa mujibu wa Mathayo sura ya 27, Yuda alivitupa vipande vya fedha hekaluni, akaenda kujinyonga. Makuhani ndio walionunua shamba la mfinyanzi kwa fedha zile. Kwa mujibu wa Matendo sura ya 1, Yuda mwenyewe alilipata shamba kwa ujira wa uovu wake, akaanguka, akapasuka tumbo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba alijinyonga, kamba au tawi likakatika, akaanguka na kupasuka. Tafsiri ya Biblia ya Kilatini inayohusishwa na Yeronimo iliingiza kunyongwa ndani ya aya ya Matendo yenyewe, ingawa katika Kiyunani neno lililopo linahusu kuanguka kifudifudi. Msomaji wa Kilatini kwa karne nyingi hakuuona ugumu wowote, maana mtafsiri alikuwa amekwisha kumsuluhishia.

Tuseme kamba ilikatika. Nani alinunua shamba? Hujibiwa kwamba makuhani walinunua kwa niaba ya Yuda, kwa sababu fedha zilikuwa zake. Haya, na jina la Shamba la Damu lilitoka wapi? Katika Mathayo linatokana na fedha za damu. Katika Matendo linahusishwa na kifo cha kutisha kilichotokea pale. Hujibiwa kwamba sababu zote mbili zilikuwapo. Kila jibu lawezekana likichukuliwa peke yake. Yakijumlishwa, tunapata simulizi ya tatu ambayo si ya Mathayo wala si ya Luka, na mwanafunzi aliyeketi na Biblia yake wazi analiona hilo. Afadhali aambiwe kwamba mapokeo mawili kuhusu kifo cha Yuda yalikuwapo kanisani mapema, kwamba yote mawili yanakubaliana juu ya usaliti, fedha, kifo kibaya na jina la shamba, na kwamba wapo Wakristo wanaoyaunganisha na wapo wanaoyaacha yalivyo.

Hatari ya kuunganisha kila kitu imeonekana mara nyingi katika historia. Mnamo 1537 Andreas Osiander, mwanatheolojia wa Kilutheri, alitoa kitabu cha kupatanisha Injili ambamo hakukubali kwamba mwandishi yeyote alibadilisha mpangilio wa matukio. Tokeo lake ni kwamba binti wa Yairo alilazimika kufufuliwa zaidi ya mara moja. Tusimcheke kwa kuwa ni wa zamani. Mwaka 1976 Harold Lindsell, Mmarekani aliyetetea kwa dhati ukamilifu wa Biblia, alipendekeza kwamba Petro alimkana Yesu mara sita ili hesabu ya kuwika kwa jogoo ikubaliane katika Injili zote. Injili zote nne zinasema mara tatu! Mtetezi wa andiko alikuwa ameliacha andiko ili alitetee.

Yapo pia matatizo ambayo chanzo chake ni kalamu ya mnakili. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 8, kinampa Ahazia miaka 22 alipotawazwa. Maandishi ya Kiebrania ya Mambo ya Nyakati ya Pili, sura ya 22, yanampa 42, hali baba yake alifariki akiwa na miaka 40. Hapa hakuna haja ya mjadala mrefu: tarakimu iliharibika mahali fulani katika kunakiliwa.

Suala la Goliathi halina wepesi huo. Kila mtoto wa shule ya Jumapili anajua kwamba aliuawa na Daudi. Ni wachache wanaojua kwamba Samweli wa Pili sura ya 21 aya ya 19 inasema aliuawa na Elhanani wa Bethlehemu. Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 20 nayo inasema Elhanani alimwua Lahmi, ndugu yake Goliathi. Mkristo anayesoma tafsiri ya Kiingereza ya King James hataliona tatizo hilo, kwa kuwa watafsiri waliongeza maneno ya kumfanya aliyeuawa kuwa ndugu wa Goliathi, wakayatofautisha kwa herufi za mlazo. Tafsiri yetu ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, haikuficha: ndani yake Elhanani anamwua Goliathi. Kwa uaminifu huo watafsiri wale wanastahili shukrani zetu.

Katika Kiebrania, neno "Mbethlehemi" linaishia kwa silabi zinazofanana na jina Lahmi, na kiambishi kidogo kinachotangulia yambwa chafanana kwa maandishi na neno la "ndugu". Ni rahisi sentensi moja kugeuka nyingine. Swali ni ipi iliyogeuka. Wahafidhina husema Samweli ndiyo iliyoharibika, Mambo ya Nyakati ikahifadhi usomaji wa asili. Wataalamu wengi wa vyuo vikuu hushikilia kinyume chake, kwamba mwandishi wa Mambo ya Nyakati alikuwa na aya hii ya Samweli mbele yake akairekebisha ili isipingane na kisa cha Daudi. Wapo pia Wayahudi wa kale waliosema kwamba Elhanani ni jina jingine la Daudi. Binafsi naona aya ya Samweli ina jeraha la wazi: baba yake Elhanani anaitwa Yaare-oregimu, na "oregimu" ni neno la Kiebrania la wafumaji, ambalo linajitokeza tena mwishoni mwa aya hiyo hiyo katika maelezo ya mti wa mkuki. Jicho la mnakili liliteleza. Lakini kuteleza katika neno moja si ushahidi kwamba aliteleza katika jingine, na hapo ndipo ninapokomea.

Mwalimu wa shule hawezi kuyasema haya yote kana kwamba Wakristo wana sauti moja. Tamko la Chicago la mwaka 1978, linaloheshimiwa na makanisa mengi ya kiinjilisti, linadai kwamba kutokosea ni sifa ya maandishi ya asili, ambayo leo hatunayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika waraka wake wa mwaka 1965 kuhusu ufunuo, ulifundisha kwamba Maandiko yanafundisha pasipo kosa kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, na ukawataka wasomaji wachunguze aina ya utungo uliotumika. Hizo ni njia mbili tofauti, na watoto wa makanisa yote hayo hukaa katika dawati moja.

Rafiki yangu alirudi darasani. Aliugawa ubao sehemu tatu, akaandika yaliyomo katika Matendo sura ya 9, ya 22 na ya 26, akawaacha wanafunzi wazitafute tofauti wenyewe kabla ya kueleza lolote. Wakapata nyingi kuliko zilizokuwa kwenye karatasi. Kipindi kilipokaribia kwisha, kijana yule yule aliinua mkono: katika Samweli wa Pili sura ya 24 Mungu ndiye anayemchochea Daudi kuwahesabu watu, na katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 21 ni Shetani, mwalimu anasemaje? Mwalimu alimwambia kwamba hajui, na kwamba atalijibu Alhamisi. Alinipigia simu Jumatano usiku, tukazungumza mpaka salio lake likaisha.