Maridhiano yetu yana shahidi gani?

Ndugu zangu, mkataba wa Oslo ulikufa kifo kibaya, hilo halina ubishi. Lakini Waisraeli na Wapalestina wanatushinda Wazanzibari kwa jambo moja: wao waliandika. Nimeiangalia filamu ya The Oslo Diaries, ya mwaka 2018, mara mbili hapa Herndon baada ya zamu za usiku. Mle mnasikia shajara za wajumbe waliokutana kwa siri Norway mwaka 1993, nani alikasirika, nani alikubali nini, nani alirudi nyuma. Rabin aliuawa tarehe 4 Novemba 1995 na Muisraeli mwenzake, lakini aliyezaliwa baada yake anaweza kujua walifika wapi.

Sisi je? Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, bila ya msuluhishi wa nje kama alivyokuwapo Chifu Anyaoku kwenye Muafaka wa 1999. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Ndiyo kwa mfumo mpya wa serikali. Yaliyosemwa baina ya wale wawili hawakuonyeshwa.

Mimi sipingi siri. Wangezungumza hadharani pale Kibandamaiti yangevunjika siku ile ile, tunajuana. Ninayoikataa ni siri inayoendelea baada ya wino kukauka.

Maana nauliza: waliouawa tarehe 26 na 27 Januari 2001 walitajwa mle ndani? Tume ya Brigedia Hashim Mbita ilihesabu watu 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35. Wajane wao waliahidiwa nini, au hesabu yao ilifungwa kwa viti vya uwaziri?

Najua nitakavyojibiwa: "Usifukue makaburi, utaleta fitina." Haya. Tarehe 28 Oktoba 2015 Jecha Salim Jecha aliufuta uchaguzi mzima, ule wa marudio wa Machi 2016 CUF wakaususia, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikavunjika. Kaburi gani lilikuwa limefukuliwa?

Na wenye khabari wanaondoka. Mzee Hassan Nassor Moyo, waziri tangu enzi za Mapinduzi na mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, chama chake kilimfukuza 2015, akafariki 2020. Maalim Seif akatutoka tarehe 17 Februari 2021, miezi miwili tu baada ya kuapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza. Mimi muuguzi siruhusiwi kutoka zamu saa moja asubuhi kabla sijaandika mgonjwa amelalaje na amepewa dawa gani. Nchi nzima inakabidhiwa kwa mdomo!

Waliobaki kati ya waliokuwa karibu na meza ile wakae mbele ya kamera, waanze na Januari 2001. Wakitaka yafungiwe miaka kumi, yafungiwe, ila yawepo. Na sisi wa Virginia na Maryland, tunaochangishana kila siku kwa harusi na kusafirisha maiti, hatushindwi kumlipa mpiga picha mmoja azunguke Unguja na Pemba. Mimi natoa dola 200 za mwanzo.